Vihisi vya mguso vinavyovutika kama ngozi: je, vitahimili jasho la Pwani?

Kwa mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi, hatari kubwa ya miguu haiji na maumivu. Huja kwa kukosa maumivu. Mishipa ya fahamu ya nyayo hudhoofika polepole, mwiba ukaingia asijue, kokoto ikakaa ndani ya kiatu kutwa nzima, na lami ya saa saba mchana ikamchoma asihisi. Anagundua jioni, pale anapoona damu kwenye mkeka. Kidonda cha namna hiyo kikipuuzwa, mwisho wake waweza kuwa kukatwa mguu.

Ndiyo maana nimekuwa nikifuatilia kwa hamu utafiti wa vihisi vya mguso vinavyovutika. Kihisi ni kifaa kinachotambua jambo fulani, kama joto, mwanga au mguso, kisha kikaligeuza kuwa ishara ya umeme. Vihisi ninavyozungumzia hapa ni laini na vinavutika kama lastiki, hivyo vinaweza kubandikwa kwenye ngozi au kutiwa ndani ya soksi na nguo. Habari zake hutufikia kama habari za wenye nacho: saa za mkononi, jaketi za bei, michezo ya kompyuta. Maoni yangu ni kwamba jambo hili linatuhusu sisi wa Pwani zaidi ya tunavyodhani. Lakini litatufaa tu iwapo vifaa hivyo vitajaribiwa mahali penye joto, jasho na chumvi kama kwetu, na iwapo tutajua la kuuliza kabla havijaanza kuuzwa madukani. Kwanza nieleze vinavyofanya kazi, kisha nije kwenye maswali hayo.

Simu inajuaje kuwa umeigusa?

Tuanze na kifaa ambacho karibu kila nyumba inacho. Kioo cha simu ya kisasa hakihitaji kubonyezwa kwa nguvu. Ukikipapasa tu, simu inajua kidole kiko wapi. Siri yake ni chombo cha zamani sana katika fani ya umeme, kiitwacho kapasita.

Chukua vifuniko viwili vya sufuria, uviweke vikitazamana, na katikati utie leso kavu iliyokunjwa ili visigusane. Ukiunganisha kimoja na upande chanya wa betri na kingine na upande hasi, chaji ya umeme hujikusanya kwenye vifuniko hivyo, lakini haivuki kwenda upande wa pili kwa sababu leso kavu haipitishi umeme. Kiasi cha chaji kinachoweza kukaa hapo hutegemea mambo matatu: ukubwa wa vifuniko, umbali ulio kati yao, na kitu kilichotiwa katikati. Vifuniko vikiwa vikubwa, chaji huongezeka. Vikisogezwa karibu zaidi, chaji huongezeka vilevile. Uwezo huo wa kushika chaji ndio ambao simu hukaa ikiupima.

Chini ya kioo cha simu kuna nyaya nyembamba mno zisizoonekana kwa macho, zilizopishana kama miyaa ya mkeka. Kila zinapopishana, panakuwa na kapasita ndogo. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, kwa hivyo unapitisha umeme. Kidole kinapokaribia makutano ya nyaya mbili, kinavuta kwake sehemu ya nguvu ya umeme iliyokuwa ikitoka kwenye waya mmoja kwenda kwa mwingine. Uwezo wa kushika chaji mahali hapo unapungua kidogo. Simu hupima makutano yote hayo mara nyingi kila sekunde, ikaona palipopungua, ikajua hapo ndipo kidole kilipo.

Sasa utaelewa kwa nini simu haikutambui ukiwa umevaa glavu nene, na kwa nini huanza kufungua vitu usivyovitaka kioo kikiwa kimelowa. Maji yenye chumvi, yawe ya bahari au ya jasho, yanapitisha umeme kama kidole. Simu inashindwa kutofautisha. Jambo hili tulishike, kwa maana tutalirudia.

Kwa nini kioo hakivaliki

Nyaya hizo zisizoonekana mara nyingi hutengenezwa kwa oksidi ya indiamu na bati. Ni kitu kizuri: kinapitisha umeme na kinapitisha mwanga kwa wakati mmoja. Kasoro yake ni kwamba ni kigumu na chepesi kuvunjika. Kikivutwa kwa asilimia chache tu ya urefu wake, hupasuka na umeme ukakatika. Ngozi yetu nayo haitulii. Kunja kiwiko chako uone: ngozi ya kiwiko na ya goti huvutika kwa kiasi cha thuluthi moja ya urefu wake, na hata zaidi, kila siku, mara elfu na elfu. Kifaa cha kuvaliwa mwilini lazima kivutike hivyo na kurudi, huku umeme ukiendelea kupita.

Watafiti wamepita njia kadhaa kutatua jambo hili. Nitataja tatu.

Njia ya kwanza ni kubadilisha umbo, si malighafi. Waya wa dhahabu au shaba haivutiki, lakini ukiuchora kama mawimbi au kama nyoka anayekwenda, unaweza kunyooka na kujikunja tena kama springi ya godoro. Mwaka 2011, kundi la John Rogers, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, lilionyesha saketi za namna hiyo zilizobandikwa kwenye ngozi kama chale za karatasi wanazobandika watoto, zikapima mapigo ya moyo na kazi ya misuli.

Njia ya pili ni kutumia chuma kilicho majimaji. Kuna metali iitwayo galiamu ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 29.8 za Selsiasi. Mchana wa Februari Mombasa, kipande cha galiamu kingeyeyuka juu ya meza bila kuwekwa motoni. Ikichanganywa na indiamu, hubaki majimaji hata kwenye chumba chenye baridi. Mchanganyiko huo hutiwa ndani ya vijia vyembamba vilivyotobolewa katika mpira wa silikoni. Mpira ukivutwa, metali hufuata umbo la vijia vyake, na umeme haukatiki.

Njia ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu malighafi yake tunaijua: maji ya chumvi. Chumvi ikiyeyuka ndani ya maji hugawanyika kuwa chembe zenye chaji ziitwazo ayoni, na chembe hizo husafirisha umeme. Tatizo ni kwamba maji hayakai yalipowekwa, kwa hivyo hufungwa ndani ya jeli. Jeli iliyojaa maji huitwa haidrojeli. Kina mama wanaolima mwani Kibuyuni, kaunti ya Kwale, wanavuna zao ambalo dutu yake hutumika viwandani kugandisha vyakula na kuvifanya vizito. Maji yaliyogandishwa kwa dutu hiyo ya mwani nayo ni haidrojeli. Zinazotumiwa katika vihisi mara nyingi hutengenezwa maabara, lakini wazo ni lilelile: nyuzinyuzi chache zimeshika maji mengi, na maji yameshika chumvi.

Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Seoul, Korea Kusini, walichapisha katika jarida la Science kazi yao ya kutengeneza kioo cha mguso kwa haidrojeli yenye chumvi ya kloridi ya lithiamu. Kilikuwa angavu kama maji, na kiliweza kuvutwa hadi eneo lake likazidi mara kumi ya lilivyokuwa, kikaendelea kufanya kazi. Walikibandika kwenye mkono wa mtu, naye akakitumia kuandika maneno, kupiga muziki na kucheza sataranji kwenye kompyuta. Namna ya kujua mahali palipoguswa ilikuwa rahisi. Umeme hafifu hutiwa kwenye pembe zote nne za jeli, na kidole kikigusa, kinavuta umeme mwingi zaidi kutoka pembe iliyo karibu nacho. Ukilinganisha pembe nne, unajua kidole kiko wapi.

Umeguswa au umevutwa?

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, na ndipo wengi wanapopitia haraka. Kutengeneza kitu kinachovutika na kupitisha umeme si ushindi kamili. Kihisi lazima kijue tofauti kati ya kuguswa na kuvutwa.

Rudi kwenye vifuniko vyetu vya sufuria. Fikiria sasa vimetengenezwa kwa jeli, na katikati pana mpira. Ukivivuta, vinakuwa vipana, na mpira wa katikati unakuwa mwembamba. Vyote viwili huongeza uwezo wa kushika chaji. Ukiviacha visivutwe lakini ukavibonyeza kwa kidole kilichovaa glavu, mpira unakuwa mwembamba vilevile, na uwezo unaongezeka tena. Kwa hivyo, kihisi kilichobandikwa kiwikoni kinaweza kudhani kimebonyezwa kumbe mwenyewe amekunja tu mkono kunywa chai. Kifaa cha aina hiyo hakifai kwa mgonjwa. Kingepiga kelele kutwa hadi akachoka na kukitupa.

Mwaka 2017, Mirza Saquib Sarwar, John Madden na wenzao wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walionyesha njia mojawapo ya kulitatua hilo. Walitengeneza nyaya za haidrojeli zilizopishana kama zile za simu, wakazifunga ndani ya mpira wa silikoni. Kidole kikikaribia, kinavuta nguvu ya umeme kwake na uwezo wa kushika chaji unapungua. Kihisi kikivutwa, uwezo unaongezeka. Moja linashuka, jingine linapanda, kama maji kupwa na maji kujaa. Kwa kuangalia mwelekeo wa badiliko, kifaa kiliweza kutambua kidole hata pale kilipokuwa kimekunjwa au kikiendelea kuvutwa. Vitu walivyotumia, yaani jeli, chumvi na mpira wa silikoni, si vya bei kali.

Kwa nyayo za mgonjwa wa kisukari, hata hivyo, kutambua kidole hakutoshi. Tunataka kujua mguu umekandamizwa wapi na kwa muda gani. Hapa pana kazi nyingine muhimu. Mwaka 2010, kundi la Zhenan Bao wa Chuo Kikuu cha Stanford lilibadilisha mpira wa katikati. Badala ya mpira uliojaa, walitengeneza vijipiramidi vidogo vingi visivyoonekana kwa macho, na kati yake pakawa na hewa. Mpira uliojaa hubonyea kwa shida na hukawia kurudi. Ncha za piramidi hubonyea kwa uzito mdogo kabisa na kurudi upesi. Kihisi hicho kiliweza kutambua hata uzito wa nzi aliyetua juu yake.

Na vipi kuhusu kuvutwa? Wahandisi wengi hutumia mpango wa visiwa. Sehemu zinazopima mgandamizo huwekwa kwenye vipande vidogo vigumu, kama visiwa vya Lamu, na kati yake hupitishwa nyaya za mawimbi zinazovutika. Ngozi ikivutwa, bahari ndiyo inayotanuka. Visiwa vinabaki vilivyo.

Jasho, chumvi na joto

Maabara nyingi za vyuo zina kiyoyozi. Mwili wa mtu anayesukuma mkokoteni Kongowea hauna. Hii ndiyo sababu naona Pwani, kwa joto lake la kaskazi na unyevu wa hewa wa mwaka mzima, ni mtihani mkali kwa vifaa hivi.

Tatizo la kwanza ni jasho lenyewe. Tumeona kwamba simu hudanganywa na maji ya chumvi. Kihisi kilicho juu ya ngozi kinakaa ndani ya maji ya chumvi. Jasho likipenya hadi kwenye nyaya, huunganisha visivyopaswa kuungana. Hata lisipopenya, utando wake juu ya kihisi waweza kusomwa kama mguso. Dawa yake ni kufunga kihisi vizuri na kuongeza tabaka la kinga linalozuia umeme wa nje, lakini kila tabaka linaongeza unene na kupunguza ulaini.

Tatizo la pili ni haidrojeli kukauka. Jeli ni maji, na maji huondoka. Chumvi kama kloridi ya lithiamu husaidia kwa sababu hupenda kushika unyevu, na mfuniko wa mpira husaidia zaidi. Lakini mpira wa silikoni hupitisha mvuke polepole, kwa hivyo jeli inaweza kupungua au kuongezeka maji kwa kufuata hali ya hewa. Vipimo navyo vinahama pamoja nayo.

Tatizo la tatu ni uchovu wa mpira. Kila mtu anajua lastiki ya suruali ya shule ilivyo mwishoni mwa mwaka. Mpira uliovutwa hauwi tena sawasawa na ulivyokuwa, na kihisi kilichowekwa juu yake kinaanza kusoma sifuri mahali ambapo si sifuri. Ndiyo maana watafiti makini hawatosheki kuonyesha kwamba kifaa kimevutwa mara moja. Wanakivuta mara maelfu na kutangaza badiliko lake.

Tatizo la nne ni ngozi iliyo chini. Plastiki isiyopitisha hewa ikikaa juu ya ngozi yenye jasho, huleta upele na kuwashwa ndani ya siku chache. Kundi la Takao Someya wa Chuo Kikuu cha Tokyo lilikuja na jibu zuri mwaka 2017: wavu mwembamba mno wa dhahabu uliojengwa juu ya nyuzi zinazoyeyuka majini. Ukiuweka juu ya ngozi na kunyunyizia maji, nyuzi huyeyuka na dhahabu ikabaki imeshikamana na ngozi, hewa na jasho vikipita katikati. Waliojitolea walikaa nao kwa wiki moja bila ngozi yao kuvimba. Mwaka 2020, kundi hilohilo likaonyesha kihisi cha mgandamizo chembamba hivyo hivyo kwenye ncha ya kidole, ambacho hakikumpunguzia mtu hisia zake mwenyewe.

Halafu kuna kufua. Mwaka 2017, Google na Levi's waliuza jaketi lenye nyuzi za mguso zilizofumwa kwenye mkono wa nguo. Ulikuwa ukipapasa mkono wa jaketi, simu inabadilisha wimbo au kupokea simu. Bei yake ilikuwa dola 350, na lilielezwa kuwa linahimili kufuliwa mara kumi. Kwa mtu anayevaa jaketi London wakati wa baridi, kufua mara kumi huenda ni miaka. Kwa mtu wa Likoni anayefua nguo aliyoivaa jana, ni siku kumi. Na mwaka 2023, Google iliifunga programu ya simu iliyokuwa ikiendesha mfumo huo. Nguo ilibaki nguo, lakini mguso wake ulikwisha.

Nani atafaidika hasa

Sisemi haya kuwavunja moyo wasomaji. Faida ipo, na imeonekana kwa wagonjwa halisi. Mwaka 2019, watafiti wa Manchester, Uingereza, walichapisha majaribio ya watu wenye kisukari ambao tayari walikuwa wamewahi kupata vidonda vya nyayo. Walivaa viatu vyenye soli za ndani zilizotiwa vihisi vya mgandamizo. Baadhi yao walipata onyo kwenye saa ya mkononi kila mgandamizo ulipodumu kupita kiasi mahali pamoja, ili wapunguze uzito hapo, watembee kidogo au wakague kiatu. Wengine walivaa soli hizohizo bila kupewa onyo. Waliopewa onyo walipata vidonda vipya kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 71. Washiriki walikuwa wachache, 58 kwa jumla, kwa hivyo majaribio makubwa zaidi yanahitajika. Lakini wazo limethibitika kuwa na maana: mguu uliopoteza hisia unaweza kuazimwa hisia.

Sasa tazama hali yetu. Vihisi vile vilikuwa ndani ya soli ya kiatu kilichofungwa. Mzee wa Kisauni havai kiatu cha namna hiyo. Anavaa champali, anazivua mlangoni, anazivua msikitini, na nyumbani anatembea pekupeku. Saa nyingi za siku mguu wake ungekuwa nje ya kifaa. Kwake yeye, kihisi kinachovutika, chembamba kama soksi au kama plasta, kikabaki na mguu wenyewe badala ya kubaki na kiatu, si anasa. Ndicho pekee kitakachofaa. Lakini kifaa hicho kitabuniwa tu na mtu anayejua kwamba kuna mahali ambapo wagonjwa huvua viatu mlangoni.

Historia ya vipimo inatufundisha jambo hilohilo. Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni kwa mwanga kimetumika miongo mingi. Mwaka 2020, uchunguzi uliochapishwa katika New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa weusi nchini Marekani, kifaa hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Mwanga hupita tofauti kwenye ngozi nyeusi. Vihisi vya mguso na mgandamizo havitumii mwanga, kwa hivyo kasoro hiyo haviirithi. Lakini vinaweza kuwa na kasoro zake: nyayo zenye sugu nene, jasho jingi, mchanga, mafuta ya nazi kwenye ngozi. Asiyejaribu kwetu hatayaona.

Na kujaribu kwetu kunawezekana. Vihisi laini visivyo na waya vya kupima watoto wachanga, vilivyotokana na kazi ya kundi la Rogers, vimefanyiwa tathmini katika Hospitali ya Aga Khan, Nairobi. Kama Nairobi imeweza, Mombasa na Kilifi zina vyuo na wataalamu wa kushiriki. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kinafundisha uhandisi, Chuo Kikuu cha Pwani kinafundisha sayansi, na Kilifi ina kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI na Wellcome Trust kilichokuwepo tangu 1989. Mwanafunzi wa uhandisi hahitaji kiwanda ili kupima ni kwa siku ngapi kihisi cha jeli hubaki sawa kwenye joto la Machi na jasho la mtu anayetembea. Kazi kama hiyo, ikifanywa kwa makini, dunia nzima itaihitaji, kwa sababu watu wengi wanaishi kwenye joto na unyevu kama wetu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua au kukubali

Siku itafika ambapo muuzaji, shirika au mradi utaleta soksi, plasta au mkanda wenye vihisi. Napendekeza maswali haya matano, yaulizwe na mgonjwa, na yaulizwe pia na maafisa wa afya wa kaunti zetu.

Kwanza, kimejaribiwa wapi na kwa nani? Kama jibu ni chumba chenye kiyoyozi na vijana wenye afya, basi hakijajaribiwa kwa ajili yetu.

Pili, kinahimili kuvutwa na kufuliwa mara ngapi, na baada ya hapo kipimo chake kinapotoka kwa kiasi gani? Asiye na tarakimu hana jibu.

Tatu, kampuni ikifunga programu yake kesho, kifaa changu kitabaki na kazi gani? Mfano wa jaketi unatosha. Kifaa cha mgonjwa kisitegemee hiari ya afisi iliyo ng'ambo. Kiwe na uwezo wa kutoa onyo chenyewe, hata kwa mtetemo tu, bila intaneti.

Nne, habari za mwili wangu zinakwenda wapi? Kihisi kinachojua unavyotembea kinajua pia saa unayolala, unapougua na unapokuwa nyumbani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na Afisi ya Kamishna wa Data ipo kupokea malalamiko. Tulijionea Agosti 2023, serikali iliposimamisha shughuli za Worldcoin baada ya Wakenya wengi kupanga foleni wapigwe picha za mboni za macho kwa ahadi ya pesa. Swali hili liulizwe kabla ya kutia sahihi, si baada ya foleni kuisha.

Tano, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote: kikinionya, nitakwenda wapi? Onyo la kwamba mguu umekandamizwa halina faida ikiwa zahanati ya karibu haina bandeji, dawa wala mtu aliyefunzwa kushughulikia vidonda vya kisukari. Soli za Manchester zilifanya kazi kwa sababu nyuma yake palikuwa na kliniki ya miguu. Kihisi hakichukui nafasi ya muuguzi. Kinamletea muuguzi habari mapema.

Wakati tukisubiri vihisi hivyo, kipo kipimo cha mguso ambacho hakihitaji betri. Muuguzi huchukua uzi maalumu wa plastiki unaopinda kwa mgandamizo wa gramu 10, akagusa sehemu mbalimbali za nyayo huku mgonjwa amefumba macho, akamwuliza wapi anahisi. Huchukua dakika chache. Ukiwa na kisukari, au ukiwa na mzazi mwenye kisukari, omba ufanyiwe kipimo hicho angalau mara moja kwa mwaka. Nyumbani, kagua nyayo kila jioni, ukitumia kioo au macho ya mwanao. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Jaribu maji ya kuoga kwa kiwiko, si kwa mguu. Na usitoke uani pekupeku mchana wa kaskazi, hata kama unahisi mchanga haujapata moto. Huenda umepata, ila mguu wako hauwezi tena kukuambia.